Grafiti Bora Bado Inatafuta Mnunuzi

Mwandishi mmoja ametuhakikishia kwamba kampuni ndogo za grafiti za Ruangwa haziwezi kufeli, kwa kuwa chembe za madini yao ni kubwa na dunia inataka magari ya umeme. Amemsahau mnunuzi. Balama, ng'ambo ya Ruvuma kule Msumbiji, ni miongoni mwa hazina kubwa kabisa za grafiti duniani. Bei iliposhuka mwaka 2019 mgodi ulipunguza uzalishaji, na 2020 ukasimama. Grafiti ya betri karibu yote husafishwa China, ambako pia hutengenezwa ile bandia ya viwandani inayoshindana na yetu. China ikijaza soko, ubora wa mwamba haulipi mishahara.

Eti lami ya Nanganga hadi Ruangwa itapunguza gharama. Itapunguza, ndiyo, mpaka bandari ya Mtwara. Bei hupangwa mbele ya hapo, jambo ambalo mkulima yeyote wa korosho Masasi angemweleza bure. Zile hisa za Serikali katika migodi, zisizopungua asilimia 16 na zisizolipiwa, hakuzigusa kabisa.

Sampuli tumeziona. Tuonyesheni mkataba wa mauzo: tani ngapi, kwa nani, na nani atabeba hasara bei ikianguka kabla mkopo wa kujenga mgodi haujaisha kulipwa.