Akiba ya ordinatere za duka lako



Siku hizi katika Lubumbashi maduka mengi yameacha kaye. Depo ya simenti, farmasi, garaji, hata shule: utakuta ordinatere mbili ao tatu, moja kwa kasa, moja kwa stoki, moja katika biro ya patroni. Ndani yake mna madeni ya wateja, fakture, mishahara, na michango ya wafanyakazi kwa CNSS. Diski ikikufa, mfanyakazi aliyetumika miaka kumi na miwili ataonyesha nini siku ya pensheni? Na patroni akifariki, mjane wake atadai madeni kwa nani? Watu watasema tu: "Bintu byote byalikuwa mule ndani."

Hapa kwetu diski ina maadui wengi. Umeme wa SNEL unakatika, kisha unarudi kwa nguvu. Wakati wa mvua radi inapiga. Mwizi anabeba mashine. Virusi inafunga dosie zote na kudai makuta. Usiseme: "Niko na kle mu mfuko, inatosha." Kle inapotea, na siku ya kazi nyingi hakuna anayekumbuka kunakili.

Njia nzuri ni kuweka mashine moja ya akiba kwa ajili ya zote. Inaitwa serveri, lakini usiogope jina. Ordinatere ya zamani iliyo nzima inaweza kufanya kazi ile. Diski tu nunua mpya, mbili zenye ukubwa sawa, moja iwe kioo cha nyingine. Moja ikikufa, ingine inaendelea. Lakini ujue: kioo peke yake si akiba, maana ukifuta dosie kwa kosa, inafutika pande zote mbili. Kwa hiyo serveri itunze nakala za siku mbalimbali: za siku 7, za majuma 4, na za miezi 12.

Iweke katika chumba kinachofungwa, mbali na maji ya mvua, pamoja na ondilere, kile kisanduku cha betri kinachoshika umeme dakika chache ili mashine izimike vizuri. Iunganishe na zile zingine kwa kable. Programu za bure ziko. Kwa mfano BackupPC, inayotumika juu ya Linux, inakwenda yenyewe kuchukua dosie katika kila mashine. Dosie zinazofanana inaziweka mara moja tu, na hivi diski haijai upesi. Mashine za kasa na stoki zisiwe na ruhusa ya kuandika ndani ya serveri, ili virusi ikiingia kule isifike kirahisi kwa akiba. Wengi wanachagua usiku kwa kunakili. Lakini kama delestaje inakuja kwenu kila usiku, chagua saa ya mchana ambapo umeme uko.

Je, tumemaliza? Bado. Kumbukeni Goma, tarehe 17 Januari 2002, lava ya Nyiragongo ilipopita katikati ya mji na kufunika maduka. Serveri iliyo ndani ya duka inaungua pamoja na duka. Basi kila juma nakala moja iende nyumba ingine, juu ya diski ya kubeba, imefungwa kwa neno la siri. Neno lile lijulikane na watu wawili, si baba peke yake.

Tena, jaribu akiba yako. Tarehe 31 Januari 2017, katika kampuni kubwa ya GitLab, mtumishi mmoja alifuta data kwa kosa. Walipotafuta akiba, walikuta njia zao tano hazikufanya kazi vizuri. Iliyowasaidia ni nakala moja iliyofanywa karibu muda wa saa 6 mbele ya hapo, na kazi ya masaa yale ikapotea. Kama wataalamu wanapatwa hivi, sisi je?

Ninyi vijana mliosoma informatike, saidieni wazazi wenu kwa kazi hii. Kila mwezi chagueni fakture moja ya zamani, muirudishe kutoka serveri juu ya mashine ingine, muifungue na kuisoma mbele ya mama anayeshika kasa. Ikifunguka, akiba iko. Ikikataa, afazali kujua leo, wakati mashine zote zingali nzima.