Messalo haina diwani

Mtoto wa kaka yangu amepiga kura Uholanzi. Si raia wa kule, ana kibali cha kuishi tu, lakini tarehe 15 Machi 2023 aliingia kituoni pale Beneden-Leeuwen, kijiji cha kando ya mto Waal, akachagua watu wa kusimamia maji. "Shangazi," akaniambia kwenye simu, "huku mto una serikali yake." Nilidhani ananitania.

Mimi nimezaliwa Mbau, Msumbiji. Mpunga nimelima bonde la mto Messalo tangu nilipoweza kushika jembe. Nimempigia kura rais, nimepigia bunge, nimepigia hata bunge la mkoa. Wa kuushughulikia mto sijawahi kumchagua.

Mbau ni posto, yaani tarafa, si manispaa. Manispaa ni mji wa Mocímboa da Praia, na tarehe 11 Oktoba 2023 wenzetu wa mjini walichagua wao. Sisi tunaletewa shefu wa posto. Katiba iliporekebishwa mwaka 2018 tuliahidiwa uchaguzi wa wilaya mwaka 2024; Agosti 2023 bunge likaifuta tarehe hiyo. Nikalalamika kwa mpwa wangu, naye akanishangaza: hata kwao West Maas en Waal, manispaa ya vijiji vilivyobanwa kati ya mito miwili, meya hapigiwi kura na wananchi. Anateuliwa kwa amri ya mfalme, ingawa jina lake hupendekezwa na baraza la madiwani.

Kumbe tofauti iko majini. Uholanzi ina bodi za maji 21, na asili yake ni karne ya 13. Zina uchaguzi wake, zina kodi yake, na mipaka yake hufuata maji, haifuati manispaa. Si kwamba wao hawatishwi na mafuriko. Mwaka 1995 watu kama 250,000 wa mabonde ya mito hiyo walihamishwa, mifugo ikasombwa kwa malori. Baadaye mahali pengine wakalisogeza tuta nyuma, mto upate pa kulala.

Messalo sasa. Kaskazini ni wilaya yetu, kusini ni Macomia. Mwaka mmoja maji yalinikuta mpunga umeanza kutoa masuke, yakaondoka nao. Nikaenda ofisi moja, nikajibiwa maji yale yameingilia upande wa pili. Nikarudi nyumbani nikicheka, na njaa ninayo.

Tangu vita ilipoanza kwetu Oktoba 2017, na hata baada ya majeshi ya Msumbiji na Rwanda kuichukua Mbau Agosti 2021, ukitaja kijiji chetu watu wanazungumzia askari tu. Sawa, bila amani hakuna kulima. Lakini mto haukungoja vita iishe.

Ninachotaka ni kidogo: wakulima wa kingo zote mbili tuchague watu wetu, watano wanatosha, na kila mwenye shamba bondeni atoe debe moja la mpunga kwa mavuno. Debe halijengi tuta, najua. Litamlipa kijana wa kukaa na simu huko juu, Nguri, atuambie maji yakipanda. Msiniambie serikali haina fedha. Debe ni letu.

Mpwa wangu kaniuliza la kwangu nitampa nani. Kwa sasa liko uvunguni.