Rahisi Ni Ghali kwa Nani?

Kuna watu ambao ukiwaonyesha hedifoni ya shilingi 250 wanakuangalia ni kama umeiokota jaani. "Rahisi ni ghali," wanakwambia, halafu wanakutumia video ya jamaa akifungua boksi la hedifoni ya ngiri nane isiyo na waya, aliyopewa bure na kampuni ili aisifu. Huu msemo umenichosha, bana. Mwenye 8,000 humwambia mwenye 250, na sijawahi kuona akimkopesha zile 7,750 zinazopungua.

Niseme kazi yangu ndipo tuelewane. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa tatu (karo, hadithi ni fupi). Sasa naandika makala, na makala zisipolipa nanakili mahojiano: mtafiti anarekodi, mimi nageuza sauti kuwa maandishi. Nalipwa kwa dakika za sauti. Saa ninazokaa nikirudisha nyuma, hizo ni zangu. Dakika moja ya wazee watatu wakiongea kwa pamoja chini ya mti, upepo ukipiga simu, inaweza kula robo saa nzima. Na lazima nisikie. Mzee amesema "baba alikata shamba" ama "baba alikataa shamba"? Tofauti ni vokali moja kuvutwa, na nikikosea nimemgeuza mtu aliyegawia watoto ardhi kuwa mtu aliyeikana, tena ndani ya karatasi ambayo itasomwa na watu wasiomjua.

Sasa, sauti ya mtu haihitaji makubwa. Simu za mezani za zamani zilipitisha masafa ya kati ya hezi 300 na 3,400 hivi tu, na watu walichumbiana kwazo, wakagombana, wakatangaziana vifo. Kilichopotea kidogo ni tofauti ya s na f, kwa sababu mlio wake uko juu zaidi. Ukisoma boksi la hedifoni, iwe ya 250 ama ya ngiri nane, utakuta wameandika hezi 20 hadi 20,000. Hicho ni kiasi cha masikio ya kijana mzima, basi. Hakikuambii ni sauti gani imepandishwa na ni gani imezikwa. Nyingi za bei ya chini zimejazwa besi, kwa sababu besi ndiyo inauza. Kwa kucheza, sawa. Kwa mzee wa shamba, inafunika maneno.

Ndio maana ukienda Luthuli Avenue usikubali muuzaji akupigie ngoma yake. Atachomeka kwenye simu yake, aweke wimbo wa kutikisa kifua, akuulize, "Unaskia hiyo, bosi?" Utaskia, nani hangeskia. Wewe toa simu yako, weka mtu akiongea, hata kama ni ule ujumbe wa dakika sita wa shangazi kwenye WhatsApp. Punguza sauti mpaka iwe ndogo na uangalie kama bado unashika kila neno. Kisha zungusha waya pale unapoingia kwenye pini. Ikikwaruza, ama sikio moja likizima, rudisha kwa msumari wake. Nyingi hufia hapo. Ndani mna nyuzi za shaba nyembamba kama nywele, zimepakwa vanishi, na ukizikunja mahali pamoja kila siku zinakatika moja moja. Fundi anayejua huichoma ile vanishi kwanza ndipo lehemu ishike. Asiyejua atakurudishia ikiwa vilevile, na utamlipa.

Ninazochukia mimi ni za katikati. Shilingi 1,200, boksi linang'aa, nembo ya kampuni kubwa yenye herufi moja iliyokosewa, "hii ni ori, bro." Unachomeka, hutofautishi na ile ya 250. Hapo umelipia karatasi ngumu. Kama msemo wao una ukweli wowote, wangeupeleka kwa hiyo. Ya 250 imening'inia ndani ya nailoni bila jina, haijamdanganya mtu.

Tufanye hesabu basi. Moja hunidumu miezi minne hivi. Tatu kwa mwaka, 750. Isiyo na waya ya 3,000 itabidi iishi miaka minne ndio tuwe sawa, na hiyo ina betri ndogo ya lithiamu inayochoka kadiri unavyoichaji, ambayo hakuna fundi wa mtaani atakubadilishia. Apple waliondoa tundu la pini kwenye iPhone 7 mwaka 2016 na wengine wakafuata. Simu za bei yangu bado zina tundu, na hiyo kwangu ni baraka.

Mahali pamoja nawapa haki, ingawa si kwa sababu wanayoitaja. Ndani ya mathree. Hedifoni isiyoziba sikio inaingiza injini, makanga na muziki wa gari, na wewe unapandisha sauti ili uyashinde yote. Kwa Shirika la Afya Duniani, kikomo cha mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ikifika 90, zinabaki saa nne, kwa wiki nzima. Zile nyuzi ndogo za ndani ya sikio zikifa haziоti tena, na masikio ndiyo yananilisha. Raba zinazokutosha na kuziba vizuri husaidia, na haziuzwi ngiri nane. Mimi kwa gari huzitoa kabisa. Hao wa video wangetuambia haya badala ya kutusomea rangi za boksi.

Na wanaotupa kazi pia wajiangalie. Mteja mmoja aliweka kwenye masharti kwamba mnakili lazima awe na hedifoni za kitaalamu za kuzuia kelele. Nikamwandikia kwa heshima kuuliza kama ziko kwenye bajeti, na kama imo pia maikrofoni, kwa maana yeye alirekodi kwa simu iliyolazwa juu ya meza ya chai. Neno ambalo maikrofoni haikulishika, hakuna hedifoni duniani italitoa. Hajajibu. Jana ametuma faili la pili, dakika 74, na vijiko bado vinagonga vikombe.