Wabunge watujibu kabla ya kura

Juni 2024 mkate uliponea chupuchupu kutozwa VAT ya asilimia 16, na uliponea chumbani mwa kamati. Hazina ya Kitaifa ya Kenya ilikuwa imeuingiza ushuru huo kwenye Mswada wa Fedha. Kamati ya Fedha ya Bunge la Kitaifa ikauondoa baada ya kelele za wananchi, pamoja na ule wa asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Mengine hayakuondolewa. Juni 25 wabunge 195 walisema ndiyo, 106 wakakataa; waandamanaji wakaingia Bunge, watu wakauawa kwa risasi, na kesho yake Rais William Ruto akatangaza kuwa hatatia saini.

Chumba cha kamati, basi, kina nguvu kuliko tunavyodhani. Kifungu cha 118 cha Katiba kinalitaka Bunge liwashirikishe wananchi, nasi twaujua mtindo wenyewe: tangazo gazetini, siku chache za kumwandikia Karani wa Bunge, kisha vikao. Benki na wahasibu huja na makabrasha. Mama mboga, akibahatika kusikia tangazo, huja na sentensi mbili. Baada ya hapo?

Julai 31, 2024 Mahakama ya Rufaa iliibatilisha Sheria nzima ya Fedha ya 2023, sababu mojawapo ikiwa kwamba Bunge halikueleza kwa nini lilikubali au kukataa maoni ya watu. Oktoba 29 Mahakama ya Juu ikatengua uamuzi huo: hakuna sharti la wazi la kutoa sababu. Hatuwalaumu majaji. Kazi ya kuweka sharti ni ya wabunge, ambao tangu Katiba ya 2010 wameletewa miswada ya ushirikishwaji wa umma zaidi ya mara moja na kuiacha ife njiani.

Wasituambie muda hautoshi. Mswada wa Fedha hutakiwa kufika Bunge kufikia Aprili 30 na kupitishwa kufikia Juni 30. Miezi miwili yatosha kuchapisha jedwali la maoni: nani alisema nini, limekubaliwa au limekataliwa, na kwa nini. Bunge liandike hivi kwenye Kanuni zake za Kudumu: kura isipigwe kabla jedwali hilo halijakaa wazi siku saba, kwa Kiswahili na Kiingereza.