Kupima na Kusema Kilichopimwa: Msamiati wa Tathmini wa Kiingereza kwa Wanafunzi wa Tabora

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anapoanza kutumia Kiingereza kama lugha ya masomo yake yote, maneno ya sifa ni miongoni mwa yale anayokutana nayo mapema. Huyapata wawiliwawili: upande mmoja neno la Kiingereza, upande wa pili la Kiswahili. 'Good' ni nzuri, 'bad' ni mbaya, 'excellent' ni bora sana. Orodha hiyo hukaririwa, huulizwa katika jaribio, kisha huhesabiwa kuwa imekwisha kufundishwa. Miaka mitatu baadaye mwanafunzi huyohuyo hutakiwa kupima athari za jambo fulani la kihistoria, au kuhakiki mhusika wa tamthilia, na hapo ndipo inapodhihirika kwamba maneno anayo ila kazi ya maneno hayo haijui.

Makala haya yanadai kwamba kosa limo katika orodha yenyewe. Kutathmini ni tendo lenye sehemu nne: kuna kitu kinachopimwa, kuna kigezo cha kukipimia, kuna ngazi ambazo kitu hicho huwekwa katika mojawapo, na kuna mtu anayepima kwa niaba yake au ya wengine. Jozi ya maneno haimwonyeshi mwanafunzi hata moja kati ya hizo nne. Tabora imechaguliwa kuwa mfano kwa sababu watu wake wamekuwa wakipima bidhaa mbele ya wageni, na kupimwa na wageni, tangu karne ya 19. Kama kuna mahali ambapo somo hili lingeweza kuanzia kwenye maarifa ya wenyeji, ni hapo.

2.0 Jozi Zisizolingana

Kivumishi -zuri kina eneo pana katika Kiswahili. Hutumika kwa sura, kwa hali ya hewa, kwa kazi na kwa habari. Hata hivyo, msemaji mahiri hachoki kulichagulia kila jambo neno lake: mtu ni mwema, chakula ni kitamu, kisu ni kikali, hoja ni nzito, lugha ni fasaha, nyumba ni imara. Kiingereza huweza kusema 'good' kwa hayo yote sita. Kwa hiyo anayefundishwa kwamba 'good' ni nzuri, basi, amefundishwa sehemu ndogo ya matumizi ya neno hilo, na tena amefichwa utajiri wa lugha yake mwenyewe.

Tatizo huwa kubwa zaidi katika maneno ya ngazi. Neno 'fair' humaanisha haki, na hivyo ndivyo wengi wanavyolijua kwanza. Likiandikwa katika taarifa ya maendeleo ya shule huwa na maana nyingine: kazi ni ya wastani, iko chini ya 'good'. Mwanafunzi anayelielewa kwa maana ya kwanza atadhani ametendewa haki, kumbe ameonywa. Neno 'poor' analijua kuwa maskini. Likiandikwa pembeni mwa insha yake linasema insha ni hafifu. Neno 'quite' hufasiriwa kabisa, na kwa hakika mara nyingine ndiyo maana yake. Lakini Mwingereza asemapo 'quite good' kwa kawaida anapunguza sifa, haiongezi.

Si kwamba Kiswahili hakina njia kama hizo. Mtu akiulizwa hali ya mavuno akajibu "si haba", amesifu kwa kukanusha, kama Mwingereza anayesema 'not bad'. Mgonjwa akisema "afadhali", hajasema amepona. Amelinganisha leo na jana. Haya ni maarifa ya ngazi na mlinganisho ambayo mtoto huingia nayo darasani. Orodha ya jozi huyaacha mlangoni.

3.0 Mizani ya Njia ya Misafara

Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji. Katika karne ya 19 wasafiri wa Ulaya waliijua Tabora kwa majina ya Kaze na Unyanyembe. Burton na Speke walifika huko mwaka 1857. Stanley alifika mwaka 1871, na mwaka uliofuata alikaa Kwihara pamoja na Livingstone. Maandishi ya wasafiri hao, licha ya dharau iliyomo, yanaonyesha jambo moja bila shaka: biashara ya njia hiyo iliendeshwa na watu waliojua kupima.

Nguo ilipimwa kwa shuka na doti, ikatofautishwa kwa aina: amerikani, yaani nguo isiyotiwa rangi iliyotoka Marekani, na kaniki iliyotiwa nili. Pembe za ndovu zilipimwa kwa frasila, ambayo ni kama kilo 16, na ukubwa wa jino ulikuwa na majina yake. Kalasha lilikuwa jino dogo, na buri lilikuwa kubwa kuliko hilo. Aliyeuza buri kwa jina la kalasha alijipunja kwa neno moja.

Somo kubwa zaidi lilitokana na shanga. Stanley alieleza jinsi alivyolazimika kujifunza ni shanga zipi zinazotakiwa wapi. Shanga zilizopendwa Ugogo zilikataliwa kwingine. Zilizothaminiwa Ujiji hazikuwa na maana njiani. Swali la kama shanga fulani ni nzuri halikuwa na jibu mpaka liulizwe nzuri kwa nani na mahali gani. Msafara uliokosea jibu ulikosa chakula. Hapa kuna nadharia kamili ya tathmini, iliyofahamiwa na watu wasiokuwa na kitabu cha nadharia: thamani haimo katika kitu peke yake, imo pia katika macho ya anayekipokea.

Lakini njia hiyo haikupima vitu tu. Ilipima na watu. Lugha iliyotoka pwani iliwaita wengine waungwana na wengine washenzi, na wenyeji wa bara, wakiwamo Wanyamwezi waliobeba mizigo ya biashara yote hiyo mabegani, mara nyingi waliwekwa katika fungu la pili. Leo muungwana ni mtu mwenye adabu popote alikozaliwa, na mshenzi limebaki kuwa tusi. Neno ustaarabu nalo, ambalo linabeba jina la Waarabu, sasa ni sifa ya jamii yoyote yenye utaratibu. Maneno yamehama, lakini safari yao inafundisha kwamba kila neno la sifa au la lawama lina mwenye mizani nyuma yake. Mwanafunzi anayejua hivyo kuhusu Kiswahili hatakosa kuuliza swali hilohilo kuhusu Kiingereza.

Mfano wa neno bepari unathibitisha. Asili yake ni India, na maana yake ya awali ilikuwa mfanyabiashara tu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa tayari neno la kushutumu. Julius Nyerere alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venice na kuiita Mabepari wa Venisi, mwaka 1969, jina peke yake lilikuwa hukumu. Shakespeare alitaja kazi ya mtu mmoja. Mfasiri akataja tabaka na kulilaumu. Mwanafunzi akiulizwa kwa nini mfasiri hakuchagua neno wafanyabiashara, atakuwa ameanza uhakiki bila kutishwa na jina la somo hilo.

4.0 Mizani ya Leo

Mwana wa mkulima wa Tabora hahitaji kurudi karne ya 19 ili aone tathmini ikifanyika. Mpango wa karanga wa serikali ya kikoloni, ulioanza mwaka 1947 na kuifikia Urambo, ulishindwa ifikapo mwaka 1951. Tumbaku ndiyo iliyoshika mahali pake na ikaenea. Siku ya soko, tumbaku iliyokaushwa hutiwa madaraja. Daraja huandikwa kwa herufi na tarakimu zinazotaja nafasi ya jani katika mmea, ubora wake na rangi yake, na kila daraja lina bei yake. Huko Igunga na Nzega, wakulima wa pamba wanayo mizani rahisi zaidi: pamba ni safi au ni fifi.

Tofauti ya mizani hizo mbili ina uzito. Safi na fifi ni maneno ya mkulima mwenyewe. Akiambiwa pamba yake ni fifi anaweza kuishika mkononi, akaonyesha weupe wake, akabisha. Herufi na tarakimu za tumbaku zina vigezo vilivyo wazi kwa aliyefundishwa, lakini kwa asiyefundishwa ni kama muhuri. Anaona bei imeshuka bila kuona sababu. Methali husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la tumbaku methali hiyo ni nusu ya ukweli, kwani jani zuri halisemi. Huuzwa vizuri na anayeweza kutaja uzuri wake kwa vigezo vinavyotambuliwa na mnunuzi.

Wazazi hupewa muhuri wa namna hiyohiyo kuhusu watoto wao. Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2014 yalitolewa kwa wastani wa alama, na ngazi zikaitwa kwa maneno ya Kiingereza: 'distinction', 'merit', 'credit' na 'pass'. Mwaka 2016 Serikali iliagiza utaratibu wa madaraja urudishwe. Mzazi wa Kaliua aliyeambiwa kwamba binti yake ana 'merit' na mtoto wa jirani ana 'credit' hakuwa na namna ya kujua yupi amemtangulia mwenzake. Daraja la kwanza na daraja la pili, angalau, hujieleza.

5.0 Darasani

Maswali ya mitihani ya sekondari hutumia vitenzi vya Kiingereza vinavyoamuru tathmini: 'assess', 'evaluate', 'criticise', 'appreciate'. Mwanafunzi aliyefundishwa kwa jozi anajua kwamba 'criticise' ni kulaumu, naye huandika makosa matupu. Anajua kwamba 'appreciate' ni kushukuru, na swali linampotea. Akitakiwa kupima athari za biashara ya masafa marefu kwa jamii ya Wanyamwezi, huorodhesha athari moja baada ya nyingine na kuacha mizani ikiwa tupu. Msahihishaji huandika kwamba hakujibu swali.

Kiswahili kina nyenzo za kumsaidia. Kutathmini kumetokana na thamani: ni kukitia kitu bei. Kuhakiki kuna uhusiano na haki na hakika: ni kutafuta ukweli wa kitu. Kuchambua ni kazi ya mikono, ya kutenganisha pamba na mbegu au takataka zake. Kupima kunahitaji chombo. Jambo la kufurahisha ni kwamba baadhi ya vitenzi vya Kiingereza vina asili ya namna hiyo: 'evaluate' na 'appreciate' vimejengwa juu ya maneno ya thamani na bei, na 'assess' lilihusu kukadiria kodi. Lugha zote mbili zilijifunza hukumu sokoni. Mwanafunzi anayeonyeshwa hivyo hapewi maneno manne ya kukariri, bali tendo moja analolijua lenye majina katika lugha mbili.

Kutokana na hayo, mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, msamiati wa tathmini upangwe kwa vigezo, yaani uimara, ukweli, uzuri wa sura, manufaa, haki na bei, na chini ya kila kigezo yawekwe maneno ya Kiswahili na ya Kiingereza kwa pamoja. Pili, maneno ya ngazi yafundishwe kwa mfuatano wake, kutoka juu hadi chini, ili mwanafunzi ajue 'fair' linakaa wapi. Tatu, hukumu yoyote isiyo na sababu isipewe alama, iwe imetolewa kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Zoezi la kwanza laweza kuwa majani mawili ya tumbaku juu ya meza na swali moja: lipi ni bora, na kwa nini?

Wapo watakaopinga kwamba kuanzia kwenye Kiswahili ni kuchelewesha Kiingereza, na watataja Shule ya Tabora ya enzi za ukoloni, ambako Nyerere alisoma kuanzia mwaka 1937 na kutoka na Kiingereza kisichotiliwa shaka. Hoja hiyo isipuuzwe, lakini nayo ipimwe. Shule ile ilipokea wavulana wachache waliochaguliwa kutoka eneo kubwa mno. Shule za kata za leo hupokea watoto wa kata nzima. Tena Nyerere huyohuyo, aliyewahi kufundisha katika shule ya Mtakatifu Maria hapohapo Tabora, ndiye aliyemleta Shakespeare katika Kiswahili. Kiingereza chake kilikuwa imara kwa sababu upande wa pili wa mizani nao ulikuwa na uzito.

6.0 Hitimisho

Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika kufundishia katika sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa, na mjadala wake haujaisha. Lakini jambo linalodaiwa hapa halihitaji kusubiri mwisho wa mjadala huo. Mwalimu wa Kiingereza anaweza kulianza kesho, kwa idhini ya kawaida ya kuandaa somo lake. Asiyeweza kupima hubaki kupimwa, naye hupokea bei, alama na majina yanayotolewa na wengine bila kuwa na neno la kujibu. Wapagazi wa Unyamwezi walijua uzito wa mzigo kabla ya kuubeba. Wajukuu wao wanastahili kujua uzito wa maneno wanayotwishwa.