Tunakwenda mezani na hesabu za wengine

Mwaka 2027 Umoja wa Mataifa unatarajiwa kupokea rasimu ya mkataba wa dunia kuhusu ushirikiano wa kodi. Mazungumzo yake, yanayofanyika New York na Nairobi, yalianza kwa msukumo wa Afrika: ni Nigeria, kwa niaba ya Kundi la Afrika, iliyowasilisha azimio lililopita Novemba 2023 kwa kura 125 dhidi ya 48. Wakati huo huo Shirika la Biashara Duniani linahangaika na mageuzi yake, mataifa makubwa yanapandishiana ushuru, na nikeli, kobalti na kinywe vilivyo ardhini mwetu vinagombewa kwa nguvu ambayo hatukuizoea. Kanuni za uchumi wa dunia zinaandikwa upya. Jambo ambalo gazeti hili linaona halijapewa uzito ni nani anayewaandalia hoja wajumbe wetu wanaoingia katika vyumba hivyo.

Jibu linajulikana kwa yeyote aliyewahi kufanya kazi wizarani. Makadirio ya mapato, uchambuzi wa vifungu, hata rasimu ya msimamo wa nchi, mara nyingi huandaliwa na washauri elekezi wanaolipwa na wafadhili. Baadhi ya kazi hizo ni nzuri. Lakini wanaozilipia wana maslahi yao upande wa pili wa meza, na nchi inayojadiliana na tajiri kwa hesabu zilizogharimiwa na tajiri huyo imekwisha kukubali sehemu ya masharti yake kabla ya kikao kufunguliwa.

Nchi nyingine zinazoinukia kiuchumi zililiona hili mapema. Brazil ina taasisi yake ya utafiti wa uchumi, IPEA, tangu 1964. India ilianzisha RIS katika miaka ya 1980, kituo chenye kazi mahususi ya kutafiti biashara na uchumi wa nchi zinazoendelea. Mwaka 2013, mjini Durban, nchi za BRICS ziliunda baraza la taasisi zao za utafiti ili wasomi wakutane na kutoa mapendekezo kabla ya marais. Kisha ikaja nafasi isiyowahi kutokea: kwa miaka minne mfululizo uenyekiti wa G20 ulishikwa na nchi za namna hiyo, yaani Indonesia 2022, India 2023, Brazil 2024 na Afrika Kusini 2025. Umoja wa Afrika ulipata kiti cha kudumu New Delhi mwaka 2023. Afrika Kusini nayo iliunda kamati ya wataalamu kuhusu pengo la utajiri duniani, ikiongozwa na mchumi Joseph Stiglitz, na ndani yake walikuwamo Jayati Ghosh wa India na Winnie Byanyima wa Uganda. Kamati hiyo ilipendekeza kuwe na jopo la kimataifa la kufuatilia tofauti za kipato, kama lile linalofuatilia mabadiliko ya tabianchi.

Dirisha hilo limefungwa. Uenyekiti wa mwaka 2026 uko Marekani, na Rais Donald Trump alitangaza kuwa Afrika Kusini haitaalikwa kabisa. Yaliyopandwa katika miaka ile minne yatasimama iwapo tu vyuo na vituo vya utafiti vya nchi hizi vitaendelea kushirikiana bila kusubiri zamu nyingine ya uenyekiti.

Afrika Mashariki haina sababu ya kujifanya mgeni katika jambo hili. Kati ya 1963 na 1970 Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa chuo kikuu kimoja, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Mwanahistoria Walter Rodney aliandika akiwa Dar es Salaam kitabu kinachosomwa hadi leo kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika, na mwaka 1972 shirika la uchapishaji la Tanzania lilishiriki kukitoa. Mwaka 1980 wataalamu wa uchumi walikutana Arusha kujadili mfumo wa fedha wa dunia, wakautaka Umoja wa Mataifa uitishe mkutano wa kuujenga upya. Miaka saba baadaye Mwalimu Julius Nyerere alikabidhiwa uenyekiti wa Tume ya Kusini, yaani ya nchi zinazoendelea. Katibu mkuu wake alikuwa mchumi kutoka India, Manmohan Singh, ambaye mwaka 1991 alikuja kuwa waziri wa fedha wa nchi yake na kuanzia 2004 waziri mkuu kwa miaka 10.

Tume hiyo ilitoa ripoti yake 1990, na pendekezo lake lililodumu kuliko mengine lilikuwa la kuwa na chombo cha kudumu cha utafiti kinachomilikiwa na nchi za Kusini zenyewe. Kituo cha Kusini kilianza rasmi Geneva mwaka 1995, Nyerere akiwa mwenyekiti wa kwanza wa bodi yake. Benjamin Mkapa naye aliwahi kushika nafasi hiyo. Marais wawili wa Tanzania wamekiongoza chombo hiki, na bado ni nadra kusikia mbunge akiuliza bungeni tunakitumiaje.

Mwalimu alijua thamani ya utafiti kwa sababu aliona kilichotokea kabla yake. Katika Tume ya Uchumi ya Amerika ya Kusini, iliyoundwa na Umoja wa Mataifa Santiago mwaka 1948, mchumi Raúl Prebisch na wenzake walichambua takwimu za biashara na kuonyesha kuwa, kwa muda mrefu, bei za mazao ghafi hushuka zikilinganishwa na bei za bidhaa za viwandani. Hoja hiyo iliyozaliwa katika ofisi ya watafiti ndiyo iliyosukuma kuundwa kwa mkutano wa Umoja wa Mataifa wa biashara na maendeleo, UNCTAD, mwaka 1964, Prebisch akiwa katibu mkuu wake wa kwanza, na mwaka huo huo likazaliwa Kundi la 77 la nchi zinazoendelea. Mkulima wa pamba wa Shinyanga au wa kahawa wa Nyeri huenda hakuwahi kulisikia jina la Prebisch, lakini bei aliyolipwa msimu baada ya msimu ndiyo iliyokuwa ikijadiliwa.

Tumeshaona gharama ya kwenda mezani kila mtu peke yake. Mkataba wa ubia wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya ulikamilishwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2014 ukiwa mkataba mmoja wa nchi zote. Mwaka 2016 Kenya na Rwanda zilitia saini, Tanzania ikakataa ikihofia viwanda vyake na mapato ya forodha. Desemba 2023 Kenya ilisaini wa kwake, ukaanza kutumika Julai 2024. Kila nchi ilikuwa na sababu nzito. Hata hivyo Jumuiya yenye soko la pamoja na ushuru wa forodha wa pamoja ilishindwa kuusoma mkataba mmoja kwa jicho moja, na hapo ndipo vyuo vikuu vya nchi zetu vilipaswa kuwa vimekwisha kufanya kazi ya pamoja miaka mingi kabla.

Mfano mchungu zaidi ni wa chanjo. Oktoba 2, 2020 India na Afrika Kusini ziliomba Shirika la Biashara Duniani lisitishe kwa muda haki za hataza kwa dawa, chanjo na vifaa vya kupambana na Uviko-19. Uamuzi ulitoka Juni 2022, miezi 20 baadaye, ukahusu chanjo pekee na ukiwa umepunguzwa makali. Wataalamu wa sheria za biashara kutoka nchi za Kusini walifanya kazi kubwa katika miezi hiyo, lakini walikuwa wachache mbele ya makampuni na wizara zenye mawakili wa kila aina. Watu walizikwa wakati vifungu vikibishaniwa.

Leo suala lililo mbele yetu ni madini. Indonesia ilipiga marufuku usafirishaji wa nikeli ghafi Januari 2020 ili ichakatwe nyumbani. Umoja wa Ulaya ukaishtaki, na Novemba 2022 jopo la Shirika la Biashara Duniani likaamua dhidi ya Indonesia. Ikakata rufaa katika chombo ambacho hakijafanya kazi tangu Desemba 2019, kwa sababu Marekani ilizuia uteuzi wa majaji wapya, na kesi imekwama hapo. Huko nyuma, mwaka 2017, Tanzania ilizuia usafirishaji wa makinikia, yaani mchanga wenye madini. Februari 2025 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, inayotoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia, ilisimamisha mauzo yake ya nje, kisha ikaweka viwango vya kiasi kinachoruhusiwa kutoka. Nchi tatu, swali moja: namna gani ya kubakisha thamani nyumbani bila kushindwa mahakamani, bila kuua mito na bila kumwachia kila kitu mwekezaji anayejenga kinu?

Jakarta wana majibu yaliyolipiwa kwa gharama, yakiwamo ya misitu iliyokatwa na ya viwanda vinavyochoma makaa ya mawe. Kolwezi wana majibu. Kahama wana majibu. Yakusanywe na watafiti wa nchi hizo tatu kwa pamoja kabla ya kusainiwa mkataba mwingine wa miaka 25.

Kinachozuia ushirikiano huo kinajulikana. Mwaka 2011 Mahmood Mamdani, akiongoza taasisi ya utafiti wa jamii ya Makerere, alionya kuwa utamaduni wa ushauri elekezi unaua utafiti, kwa sababu mhadhiri hujibu maswali ya anayelipa na kusahau ya kwake. Hali haijabadilika. Mtafiti wa Dodoma akitaka kukutana na mwenzake wa São Paulo, wote wawili hualikwa Ulaya. Makala wanayoandika huishia katika majarida ambayo maktaba za vyuo vyao hazina uwezo wa kuyanunua, jambo ambalo lingepaswa kuwaudhi walipa kodi kuliko linavyowaudhi.

Fedha nayo ina historia ya ahadi. Viongozi wa Afrika wamekuwa wakirudia lengo la kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, na Kenya ikaandika asilimia 2 katika sheria yake ya sayansi ya mwaka 2013. Nchi nyingi za bara hili hazijakaribia. Mwaka 2025 shirika la misaada la Marekani, USAID, lilipovunjwa, miradi ya utafiti na ukusanyaji wa takwimu ilisimama ghafla, na serikali zikagundua kwamba sehemu ya kumbukumbu zao za taifa ilikuwa ikilipiwa Washington.

Tunajua hofu iliyopo kuhusu ushirikiano huu wa nchi za Kusini, na hofu hiyo ni halali. China na India zina maslahi yao, na biashara yetu nazo bado ni ya kuuza ghafi na kununua kilichotengenezwa. Majukwaa ya wasomi wa BRICS yametoa matamko mengi ambayo husomwa kwa heshima, kisha husahaulika. Msomi anayealikwa ili apige makofi hana faida kwa taifa lake. Kwa hiyo watafiti wetu waruhusiwe kuikosoa mikopo ya Beijing kama wanavyoikosoa mikopo ya Washington, na serikali zetu ziache kuwatazama kwa shaka wanaotoa takwimu zisizopendeza.

Msimamo wa gazeti hili ni kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki ianzishe mfuko wake wa utafiti wa biashara, kodi na madini, utakaosimamiwa na Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki lililoko Kampala, wala si na wizara. Mfuko huo uwe na makubaliano ya moja kwa moja na taasisi za Brazil, India, Indonesia na Afrika Kusini, na kila ujumbe unaokwenda kwenye mazungumzo ya kimataifa uwe na watafiti walioandaliwa nao. Mapato, ushuru na mikataba ya madini viwe wazi kwa watafiti hao bila kuhitaji barua ya katibu mkuu wa wizara.

Gharama ya kuchelewa inaonekana kwenye kalenda. Tanzania na Kenya zote zimejaribu kutoza kodi kampuni za kidijitali za nje, na mwaka 2021 Kenya na Nigeria zilikataa kujiunga na makubaliano ya kodi yaliyoandaliwa na klabu ya nchi tajiri. Mkataba wa Umoja wa Mataifa utakuwa na itifaki inayohusu kodi ya huduma zinazovuka mipaka katika uchumi wa kidijitali, na kitakachoandikwa humo kitazifunga serikali ambazo bado hazijachaguliwa. Bajeti ya mwaka wa fedha 2026/27 ndiyo ya mwisho inayoweza kugharimia utafiti utakaowahi kikao cha mwisho. Mawaziri wa fedha wa nchi wanachama waweke fedha hiyo humo, na kamati za bajeti za mabunge yote ziwaulize kwa jina la kifungu na kiasi chake kabla hazijapiga kura.