MITAMBO IJIBU TUNAYOULIZA SISI

Penye mtandao mkubwa wa kompyuta, uwe wa bandari, wa benki au wa shirika la simu, ndani ya kila mtambo hukaa programu ndogo ingojayo kuulizwa. Mafundi huiita wakala. Msimamizi aliye mbali huuliza: waya wako wapitisha kiasi gani, una siku ngapi tangu uwashwe? Wakala hujibu. Utaratibu huo, ujulikanao kwa herufi SNMP, ulitangazwa mwaka 1988, na hata leo mitambo mingi sana duniani yaufuata.

Lakini yale ajuayo wakala yalipangwa na wengine. Aliyeunda mtambo ndiye aliyeamua lipi litajwe na lipi linyamaziwe. Fundi mwenye jenereta kilimani ataka kujua mafuta yaliyobaki katika tangi. Wakala humpa habari tele za waya, na ya mafuta hana. Basi fundi humwandikia muuza mitambo barua, akakaa kungoja. Sisi twasema kungoja huko si lazima.

Iko programu iitwayo Net-SNMP, ambayo asili yake ni kazi ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon na kile cha California, tawi la Davis, huko Marekani. Haiuzwi, na maandishi yake yote ni wazi kwa kila asomaye. Humo fundi aweza kumfundisha wakala jibu jipya kwa kuandika handla, yaani kipande cha programu kinachopokea ombi na kulijibu. Kila habari ina namba yake ndefu, iliyopangwa kama matawi ya mti, na shirika lolote laweza kuomba tawi lake kwa IANA bila malipo, chini ya 1.3.6.1.4.1. Handla hujiandikisha kwa namba. Ombi la namba hiyo lijapo, huitwa yenyewe.

Wako wasemao kwamba kazi hii ni ya wataalamu wa ng'ambo. Hatukubali. Mwanafunzi aweza kuanza kwa mstari mmoja wa "extend" katika faili ya wakala, unaoendesha hati fupi aliyoiandika mwenyewe. Akiisha kuizoea, chombo kiitwacho mib2c kitamtolea kiunzi cha handla kwa lugha ya C, naye ajaze nyama.

Hata hivyo hatupendi mtu adhani kwamba kujua kuandika tu kwatosha. Wakala huyu hushughulika na maombi kwa zamu. Handla ikikaa kungoja kipimo cha tangi kilicho kizito, maswali mengine yote husimama mlangoni, na msimamizi hudhani mtambo umekufa. Kipimo na kisomwe kila baada ya muda, jibu liwekwe tayari.

La hatari zaidi ni ombi la kubadili. Hilo hupitia hatua: kukagua, kutenga nafasi, kutenda, na kuthibitisha, na sehemu moja ikishindikana, yaliyokwisha kutendwa yarudishwe yalivyokuwa. Ombi moja laweza kusema fungua vali, tena washa injini. Injini ikikataa, nani ataifunga vali? Wanafunzi wengi huandika hatua ya kutenda, ile ya kurudisha wakaiacha tupu, kwa kuwa siku ya majaribio injini iliwaka. Huo ni uvivu, nao kilimani humwaga mafuta.

Tena, toleo la 1 na la 2c hupeleka neno la siri bila kulifunika, na wengi hawajalibadili hilo neno "public" lijulikanalo na kila mtu. Handla iwezayo kuzima injini isifunguliwe kwa neno hilo. Toleo la 3, ambalo kanuni zake zilikamilishwa mwaka 2002, lina uthibitisho na ufichaji.

Twawaomba wakuu wa karakana watenge kompyuta moja kuukuu na saa mbili kila juma. Somo la kwanza liwe kipimo cha tangi. La pili, mwalimu aing'oe waya ya injini katikati ya ombi, na wanafunzi watazame vali.